Msimamizi wa tasnifu yangu ananiandikia usiku

"Shangazi, niko mwaka wa mwisho. Msimamizi wangu hunitumia ujumbe usiku, huniita ofisini jioni wenzangu wakishaondoka, na wiki iliyopita alinishika kiuno akasema alama zangu ziko mikononi mwake. Nikisema, atanifelisha. Nikinyamaza, silali. Nifanyeje?"

Binti yangu, pole sana. Anachokufanyia ni rushwa ya ngono, na kosa ni lake peke yake, hata kama uliwahi kumjibu kwa adabu au kwenda ulipoitwa.

Usifute ujumbe hata mmoja. Wengi hufuta kwa kinyaa, wakabaki mikono mitupu. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba yake, tarehe na saa. Jina peke yake halitoshi, kwani namba yoyote huweza kuhifadhiwa kwa jina lolote. Zitume kwenye barua pepe yako na kwa mtu unayemwamini, maana simu huibiwa. Kisha andika lile la wiki iliyopita: siku, saa, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, nani alikuona ukitoka. Usiandike "alinisumbua", andika maneno aliyoyatamka, yalivyo. Kama ulimsimulia mtu siku ile ile, naye ni shahidi, mtaje.

Mjibu mara moja tu: "Mwalimu, naomba tuwasiliane kuhusu tasnifu pekee, kwa barua pepe ya chuo, saa za kazi." Baada ya hapo, yasiyo ya kazi usiyajibu kabisa. Ukimjibu ujumbe wa kumi baada ya kunyamazia tisa, umemfundisha kwamba akisumbua mara kumi anajibiwa. Ofisini nenda mchana, pamoja na mwenzako.

Kuripoti ndiko wengi wanakokwama. Ukienda kwa mshauri nasaha, kabla hujataja jina muulize: "Nitakayosema yatabaki hapa, au unalazimika kuyafikisha mbele?" Ofisi hazifanani, na ni haki yako kujua mapema. Malalamiko yenyewe yapeleke kwa maandishi kwenye dawati la jinsia la chuo au kwa mlezi wa wanafunzi. Mkuu wa idara mwepuke ikiwa ni mtu wake wa karibu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Malalamiko ya mdomo hupotea. Baadaye utaambiwa hukuwahi kufika.

Kosa kubwa ninaloliona katika barua za malalamiko ni kuomba "aadhibiwe" na kuishia hapo. Uchunguzi huchukua muda, na muda wote huo unabaki chini yake. Omba ulinzi wa sasa: ubadilishiwe msimamizi, tasnifu isahihishwe na mtu mwingine, na azuiwe kukutafuta. Huhitaji kushinda kesi kwanza ndipo uombe haya. Hofu yako ya kufelishwa inajibiwa hapo.

Akikulazimisha tendo, Mungu apishe mbali, nenda hospitali mara moja. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora; za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku 5. Usioge, na nguo uziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa wa plastiki huzivundisha na kuharibu ushahidi. Kama umeshaoga, nenda vilevile.

Niandikie ukishapata huo muhuri.