Maswali na majibu: Unanyanyua pikapu ya 2WD, difu inabaki pale pale

Masika yakikaribia meseji zinakuwa zile zile, nyanyua nyanyua, na nyingi ni za pikapu za 2WD, zile zinazosukumwa na tairi za nyuma tu. Leo nimechukua sita. Wewe unayeandika "kit bei gani" bila kutaja gari wala mwaka, endelea kusubiri.

Fundi habari, nina Hilux LN85 ya mzigo, niko Ifakara, mvua ikinyesha nalala njia ya shamba. Nataka kuipandisha inchi 4, inawezekana?

Inawezekana, hata bajaji inawezekana. Swali ni utapata nini. Lala chali chini ya gari yako uangalie kitu kilicho chini kuliko vyote, ni lile bonge la difu, lenye gia zinazozungusha tairi za nyuma, na difu iko kwenye eksili, na eksili iko kwenye tairi. Ukiweka springi ndefu unainua chasi na bodi, difu haisogei hata milimita. Inapandishwa na tairi kubwa tu, na hapo napo unapata nusu, tairi iliyozidi kimo sentimita 4 inakupa 2 chini ya difu. Kwa hiyo springi unanyanyua ili hiyo tairi isikwangue fenda, na kwa kazi hiyo inchi 2 zinatosha kabisa. Udongo mweusi haukukwamishi kwa sababu gari ni fupi, unakukwamisha kwa sababu tairi ishajaa tope ikawa laini kama ndoo na nyuma huna uzito. Tairi zenye meno, viroba viwili vya mchanga juu ya eksili ya nyuma, jembe, mbao mbili. Hela inayobaki nunua mbolea.

Nikiinyanyua itapita kama 4WD?

Haipiti.

Fundi wa mtaani anasema mbele hakuna haja ya kununua kitu, anakaza bolti za torsheni baa inapanda yenyewe. Kweli?

Inapanda kweli. Asichokwambia ni kwamba torsheni baa, ile fimbo ya chuma inayofanya kazi ya springi mbele, haijaongezeka chochote, umehamisha tu pale amu, mikono inayoshika tairi, zinapokaa. Sasa zimeinama, ya juu inakaribia kugusa mpira wake, ukiingia shimoni tairi haina pa kushukia unasikia "ko!", na boljointi na tairodi, viungo vya tairi na usukani, zinafanya kazi zimepinda mpaka zinakufa kabla ya siku zao. Nafuu ya 2WD ni kwamba mbele hakuna shafti za kuvunjika, ila nafuu hiyo hiyo ndo inawaponza, watu wanakaza mpaka bolti inagoma. Inchi 1, moja na nusu kama wewe ni mkaidi. Weka alama ya rangi kwenye bolti kabla hujaigusa, hesabu mizunguko kulia na kushoto. Na alaimenti, kunyoosha tairi zikae sawa, siku hiyo hiyo, sio mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi utakuta tairi za mbele zimeliwa upande mmoja halafu unaniandikia tena.

Nyuma niweke bloku au niongeze pleti?

Pleti ya kuongeza kwenye springi ni kama unabeba mzigo, ila ukitembea tupu itakurusha kama punda. Bloku, kipande kinachokaa kati ya springi na eksili, ikiwa ya chuma ya inchi 2 naikubali, nyuma tu, moja tu, usipange juu ya nyingine, na yubolti mpya ndefu, zile zinazobana springi kwenye eksili, maana ya zamani ishavutika. Nasema chuma kwa sababu nimewahi kufungua pikapu nikakuta bloku za mninga. Mbao! Zimerandwa safi, zimepakwa rangi nyeusi, ukiangalia haraka unaona chuma. Ya kulia imepasuka katikati, senta bolti inayoshikilia springi isihame imelala, eksili imerudi nyuma vidole viwili, na mwenye gari alikuja kulalamika usukani unavuta. Alikuwa amepakia watu nyuma. Sikucheka.

Nimeshapandisha nyuma inchi 3. Nikifika 80 inatetemeka, halafu breki za nyuma naona kama hazipo.

Mtetemo ni propela, ile shafti ndefu ya kutoka giaboksi kwenda difu, pembe imebadilika. Kama ni vipande viwili shusha senta beringi kwa washa, kama ni kimoja weka kabari kati ya springi na eksili. Breki ndo imenitisha. Pikapu nyingi za Toyota zina fimbo nyembamba inayotoka eksili ya nyuma kwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasi, inasoma mzigo, gari ikilala inaruhusu breki nyingi nyuma, ikinyanyuka inapunguza. Sasa wewe umeinyanyua, valvu inaamini uko tupu siku zote hata ukiwa na magunia 15. Pale fimbo inaposhikia kwenye eksili painuliwe mpaka ilale kama zamani. Cheki pia hosi ya breki eksili ikiwa inaning'inia, ikikaza kama kamba ya nguo badilisha. Kabla ya hapo usibebe mtu.

Nina Hilux Vigo 2WD ya nati 5, nimepata ringi za 4WD za nati 6 bei chee. Zitaingia?

Nati 5, matundu 6, hesabu mwenyewe. Na adapta za kuunganisha ringi isiyolingana usinitajie. Ukitaka 2WD ya juu tafuta Prerunner, imetoka kiwandani na kimo cha 4WD na nati zake 6.

Halafu mliokwisha nyanyua, shusheni na taa. Juzi usiku mmoja wenu kanikalia nyuma kutoka Chalinze mpaka Mdaula, nikageuza kioo cha ndani juu ndo nikaona barabara.