Japani na jirani zake: majibu kwa wasomaji

Wasomaji kadhaa wameniandikia wakitaka kujua jinsi siasa za Japani zinavyoonekana kwa mtu wa Afrika Mashariki anayeishi huku, na hasa uhusiano wa nchi hii na China na Korea zote mbili. Ninaishi Kawasaki, mji ulio kati ya Tokyo na Yokohama, na ninajibu nikiwa mkazi anayelipa kodi lakini asiye na haki ya kupiga kura.

Kwa nini Wajapani hubadilisha mawaziri wakuu kila mara, ilhali chama kinachotawala ni kilekile?

Waziri mkuu hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, bali na Bunge. Kwa kuwa chama cha Liberal Democratic (LDP) kimeshika madaraka karibu muda wote tangu kilipoundwa mwaka 1955, ukiacha miezi michache ya 1993 na 1994 na kipindi cha 2009 hadi 2012, anayeshinda uenyekiti wa chama hicho ndiye kwa kawaida anayekuwa waziri mkuu. Kuanzia Septemba 2006 walipokezana mawaziri wakuu sita katika muda wa miaka sita, kisha Abe Shinzo, aliyekuwa wa kwanza kati ya hao sita, akarudi Desemba 2012 na kukaa hadi 2020. Oktoba 2025 Takaichi Sanae akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.

Jambo ninaloomba mlishike kabla ya maswali yanayofuata ni hili: ushindani wa kweli hufanyika ndani ya chama, mbele ya wabunge wake na wanachama wake, ambao wengi wao ni wahafidhina. Mgombea anapotoa kauli nzito kuhusu vita, visiwa au Taiwan, ambayo China huidai kuwa yake, mara nyingi analenga masikio ya hao, lakini kauli hiyohiyo husikika Beijing na Seoul kana kwamba ilielekezwa huko.

Kwa mkazi wa kawaida, uchaguzi ni makelele ya magari ya vipaza sauti. Mpiga kura huandika jina la mgombea kwa mkono wake kwenye karatasi ya kura, na kampeni za nyumba kwa nyumba zimepigwa marufuku. Kwa hiyo wagombea, wakiwa wamevaa glavu nyeupe, hupita mitaani wakitaja majina yao tena na tena, na asubuhi husimama nje ya vituo vya treni wakiwainamia watu wanaokimbilia kazini. Nimewasikiliza wengi. Huzungumzia bei ya mchele, pensheni na malezi ya watoto. China na Korea hutajwa kwa nadra, na ndiyo maana siamini kwamba uhasama ninaousoma magazetini ni kiu ya wananchi.

Kuna ubaya gani kiongozi akienda kuwaombea askari waliokufa vitani? Hata sisi tuna minara ya mashujaa.

Swali lako ni la haki, na Wajapani wengi wangeuliza vivyo hivyo. Hekalu la Yasukuni lilianzishwa Tokyo mwaka 1869, na roho zipatazo milioni 2.46 za waliokufa wakilitumikia taifa huenziwa hapo. Ugomvi unatokana na uamuzi wa mwaka 1978, pale wakuu wa hekalu walipowaongeza kimyakimya watu 14 waliohesabiwa kuwa wahalifu wa kivita wa daraja la juu kabisa, akiwemo Tojo Hideki, waziri mkuu wa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mfalme Hirohito alikwenda mara ya mwisho mwaka 1975, na tangu hapo hakuna mfalme wa Japani aliyekanyaga hapo. Koizumi Junichiro alikwenda kila mwaka kuanzia 2001 hadi 2006 alipokuwa waziri mkuu, na uhusiano na China ukaganda. Abe alipokwenda Desemba 2013, hata Marekani ilisema imesikitishwa.

Linalonigusa zaidi halizungumzwi sana. Miongoni mwa wanaoenziwa humo wamo Wakorea zaidi ya 20,000 waliopelekwa vitani wakati nchi yao ilipokuwa koloni la Japani, kati ya 1910 na 1945. Baadhi ya familia zao zimekwenda mahakamani kuomba majina ya wazazi wao yaondolewe, na hekalu limekataa. Mtoto anayedai jina la baba yake asikilizwe kabla ya mwanasiasa yeyote. Hatua chache kutoka hapo pako Chidorigafuchi, makaburi ya taifa ya askari wasiojulikana yaliyofunguliwa mwaka 1959. Mawaziri wakuu huweka mashada hapo na hakuna jirani anayelalamika, kwa hiyo mahali pa kuwaomboleza wafu bila kumtukana mtu papo.

Mbona wanagombania visiwa ambavyo havina hata watu?

Kwa sababu ya bahari inayovizunguka, yaani samaki, gesi na njia za meli, na kwa sababu hakuna serikali inayotaka kuonekana imeachia ardhi. Migogoro ni mitatu, na haifanani. Senkaku, ambavyo China huviita Diaoyu, viko chini ya Japani. Serikali iliponunua vitatu kati ya hivyo kutoka kwa mmiliki binafsi Septemba 2012, maandamano makubwa yalizuka katika miji ya China. Takeshima, au Dokdo kwa Wakorea, vinashikiliwa na Korea Kusini. Vile vinne vya kaskazini vilichukuliwa na Muungano wa Kisovieti mwaka 1945, na hivyo vilikuwa na wakazi Wajapani ambao walifukuzwa. Kwa ajili ya hivyo, Japani na Urusi hazijatia saini mkataba wa amani hadi leo.

Tunasikia China imekasirishwa na Waziri Mkuu Takaichi. Alisema nini hasa?

Tarehe 7 Novemba 2025, akijibu swali bungeni, alisema shambulio dhidi ya Taiwan lingeweza kuhesabiwa kuwa hali inayotishia uhai wa Japani. Kwa sheria za usalama zilizopitishwa mwaka 2015, hali ya namna hiyo inairuhusu Japani kutumia nguvu za kijeshi hata kabla haijashambuliwa yenyewe, ingawa Ibara ya 9 ya Katiba ya 1947 inakataa vita. Waliomtangulia waliona hatari hiyohiyo, kwani kisiwa cha Yonaguni kiko kilomita 110 tu kutoka Taiwan, lakini walijizuia kuisema waziwazi. China ikawashauri raia wake wasisafiri kwenda Japani, na uuzaji wa vyakula vya baharini ulioanza kufufuka mwaka huo ukasimama tena. Walioumia kwanza ni wavuvi na wenye hoteli, ambao hawakuulizwa lolote. Kwa maoni yangu, hofu ya Japani ina msingi, lakini ukimya wa waliotangulia ulikuwa kinga, na haikufaa kuivua kwa jibu la papo hapo bungeni.

Wajapani na Wakorea wanachukiana kweli?

Serikali zao zimegombana vibaya. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Korea Kusini iliamuru kampuni ya chuma ya Japani iwalipe fidia watu waliofanyishwa kazi kwa lazima wakati wa vita. Japani ikajibu kwamba mkataba wa 1965, uliokuwa na msaada wa dola milioni 300 na mikopo ya milioni 200, ulikwisha kumaliza madai yote. Mwaka 2019 Japani ikabana usafirishaji wa kemikali tatu zinazohitajika viwandani Korea, na Wakorea wakasusia bidhaa za Kijapani. Uhusiano ulianza kutengemaa mwaka 2023. Mwaka uliofuata Wakorea Kusini milioni 8.8 walitembelea Japani, wengi kuliko wageni wa nchi nyingine yoyote, na mtaa wa Shin-Okubo jijini Tokyo hujaa wasichana wa Kijapani wanaotafuta vyakula na vipodozi vya Kikorea.

Lakini wapo Wakorea wengine, waliozaliwa hapahapa. Mwaka 1952, Japani iliporudishiwa mamlaka yake, watu wa makoloni waliokuwa wakiishi nchini walipoteza uraia wa Kijapani bila kuulizwa. Wajukuu wao wamesoma shule za hapa, wanaota ndoto kwa Kijapani, na bado kisheria ni wageni wenye ukaazi maalumu wa kudumu. Wengi hutumia jina la Kijapani kazini. Katika mji wangu, mtaa wa Sakuramoto ulikua kandokando ya viwanda walikofanya kazi, na miaka kumi iliyopita makundi ya wabaguzi yalikuwa yakiandamana kuelekea huko yakiwatukana na kuwataka waondoke. Wakazi, Wakorea pamoja na Wajapani, walijipanga barabarani kuwazuia. Sheria ya taifa ya 2016 ililaani chuki hiyo bila kuweka adhabu. Kawasaki ikatangulia nchi nzima kwa kupitisha, Desemba 2019, sheria ndogo inayoweza kumtoza mkaidi faini ya hadi yeni 500,000. Ninajivunia mji huu kwa hilo.

Ni kweli Japani iliipa Tanzania mji wa Nagai?

Hapana. Nagai, mji wa mkoa wa Yamagata uliokuwa mwenyeji wa Watanzania kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo, ulitajwa Agosti 2025, wakati wa TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika, huko Yokohama, kuwa mji rafiki wa Tanzania chini ya mpango wa JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani. Yalikusudiwa mabadilishano ya kitamaduni. Gazeti moja la mtandaoni la Tanzania likaandika kana kwamba mji umekabidhiwa, na serikali ya Nigeria, iliyokuwa na mji rafiki wake chini ya mpango huohuo, ikatangaza viza maalumu ambazo hazikuwepo. Ofisi za miji husika zikazidiwa na simu za watu wenye hasira. Mwezi mmoja tu kabla, chama cha Sanseito kilikuwa kimepata viti 14 katika uchaguzi wa Baraza la Juu kwa kaulimbiu ya Wajapani kwanza, kwa hiyo uvumi ulikuta kuni kavu. Mpango ukafutwa tarehe 25 Septemba. Nawasihi wahariri wa nyumbani wasome waraka wenyewe kabla ya kuandika kichwa cha habari, kwa sababu gharama ya habari ile tuliilipa sisi tunaoishi huku.

Wewe ungependa kupewa kura?

Kura ya mitaa, ndiyo. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Japani ilisema Katiba haizuii Bunge kutunga sheria ya kuwaruhusu wakazi wa kudumu wa kigeni kupiga kura katika serikali za mitaa, lakini Bunge halijaitunga. Kawasaki ina baraza la wawakilishi wa wakazi wa kigeni tangu 1996, lenye wajumbe wasiozidi 26, na linaweza kumshauri meya ingawa halina uwezo wa kuamua. Sheria ikipita siku moja, ningependa ianze na mabibi wa Sakuramoto, ambao walikuwa na uraia wa nchi hii na wakanyang'anywa, kabla ya kunifikia mimi niliyekuja kwa hiari yangu.