Arifa 214, na Bado Nimepitwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhasibu, mwaka wa saba kazini. Nimejiandikisha kupokea majarida kumi na manne ya barua pepe, nimo kwenye vikundi vitano vya WhatsApp vya wahasibu, na kurasa nilizozihifadhi "nitasoma baadaye" sizijui idadi. Juzi nilihesabu arifa kwenye simu: 214, na jioni ilikuwa haijafika. Pamoja na hayo yote, wiki iliyopita mkaguzi wa hesabu aliniuliza tumejiandaaje na IFRS 18, kile kiwango kipya cha kimataifa cha kuandaa taarifa za fedha, nikabaki kumtolea macho. Jina lenyewe nimeliona mara mia, lakini ndani yake sina kitu. Nisome zaidi? Au niiachie akili mnemba inifupishie? — Aliyezidiwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Usisome zaidi, nakuomba.

Tuanze na hiyo IFRS 18, maana ndiyo iliyokuumbua. Rasimu yake ilitolewa Desemba 2019 ili watu watoe maoni. Kiwango chenyewe kikatoka Aprili 2024. Kitaanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027 au baada yake. Sasa piga hesabu, si ndiyo kazi yako? Zaidi ya miaka minne kutoka rasimu hadi kiwango, kisha karibu mitatu mingine hadi kuanza kutumika. Kobe angekwenda na kurudi. Jambo linalotembea kwa mwendo huo linadai arifa 214 kwa siku kwa sababu gani?

Nadhani ulichokuwa ukisoma ni watu wakiambizana kwamba kuna kiwango kipya kinakuja. Mmoja kaandika, kumi na watatu wakamnukuu, nawe ukawasoma wote kumi na wanne ukadhani umesoma mambo kumi na manne.

Nakusema wewe, lakini nami yalinikuta. Wakati IFRS 16, kiwango cha mikataba ya kukodi, inakaribia kuanza, mwaka 2019, nilikuwa na faili zima la makala kuihusu. Zilikuwa kama arobaini, nimezipanga vizuri hata kwa rangi. Kwenye kikao mkurugenzi akauliza kuhusu mashine moja tuliyoikodi kwa miezi 11: iingie kwenye mizania au isiingie? Nikajibu kwa sauti ya mjuzi: haiingii, mkataba usiozidi miezi 12 una msamaha. Makala zangu zote zilisema hivyo. Kijana mmoja wa idara ya ununuzi, hata si mhasibu, akauliza kwa upole, "Na kile kipengele cha kuinunua mwishoni?" Nikafungua kiwango chenyewe palepale mezani. Kwenye ufafanuzi wa maneno, mstari mmoja tu: mkataba wenye haki ya kununua hauhesabiwi kuwa wa muda mfupi. Basi. Mstari mmoja, na mimi na makala zangu arobaini hatukuwahi kukutana nao.

Tangu siku hiyo ninakwenda kisimani. Bodi inayotunga viwango hivi, IASB, hukutana karibu kila mwezi na kutoa muhtasari wa ilichoamua, na pia ina mpango wa kazi unaoonyesha kila mradi umefika hatua gani. Ninafungua vitu hivyo viwili mara moja kwa mwezi, saa moja, simu ikiwa chumba kingine. Ninalo daftari (la karatasi, nicheke ukitaka) lenye safu tatu: jina la badiliko, tarehe ya kuanza, na nani ofisini ataguswa. Miezi mingine siandiki chochote. Mwanzoni hilo lilinitia hofu, nikidhani kuna kitu nimekikosa. Hakikuwepo.

Kodi ni habari nyingine. Sheria ya fedha ikipitishwa yaweza kuanza kuuma ndani ya wiki chache, hivyo taarifa za mamlaka ya kodi ziache zipige kengele. Hizo peke yake.

Majarida yako yapitishe kwenye chujio hili: kwa mwezi uliopita, lipi lilikufanya ufungue faili la kazi na kubadilisha kitu? Lisilofanya hivyo, jiondoe. Ukibaki na mawili yatakutosha. Vikundi vya WhatsApp, bakiza kimoja chenye watu wanaojibu maswali, kizime sauti, uingie unapokuwa na swali. Kuhusu zile kurasa za "nitasoma baadaye", zifute bila kuzitazama. Ukizitazama hutazifuta.

Akili mnemba ninaitumia, sikatai. Ninaiuliza aya ipi inahusu jambo fulani, kisha naifungua aya ile mwenyewe. Siku moja ilinipa tarehe ya kuanza ya kiwango kimoja ikaibandika kwa kingine, na sentensi ilikuwa imenyooka kiasi kwamba nusura niipeleke kwa mteja.

Sasa turudi kwa mkaguzi wako, maana atauliza tena. IFRS 18 inachukua nafasi ya IAS 1, kiwango cha zamani cha kupanga taarifa za fedha. Taarifa ya faida na hasara itagawa mapato na gharama katika makundi, makubwa yakiwa uendeshaji, uwekezaji na ugharamiaji, na faida ya uendeshaji italazimika kuonyeshwa kama jumla ndogo yenye maana moja kwa kampuni zote. Vile vipimo ambavyo wakurugenzi hupenda kuvitangaza nje, "faida iliyorekebishwa" na jamaa zake, vingi vitahitaji maelezo ndani ya hesabu zenyewe, na maelezo hayo yatakaguliwa. Halafu kuna sehemu ya mpito, ambayo muhtasari mwingi huipita mbio: hesabu za mwaka wa kulinganishia nazo zipangwe upya. Kama mwaka wenu wa hesabu unaanza Januari, basi takwimu za 2026 zitahitajika katika sura mpya.

Akikuuliza, mwambie mmeanza kuoanisha orodha ya akaunti na makundi hayo. Kisha funga mlango, mwanangu, ukaanze kweli kabla hajaomba kuiona.