Mama Mkubwa na kinu cha Charleston

Swali lenu la wiki hii, "Chakula cha mahali kinakufundisha historia yake au kinakusahaulisha?", limenigusa pabaya. Jibu nilikuwa nalo hata kabla sijamaliza kulisoma: kinasahaulisha. Mtu akishashiba hataki tena kusimuliwa habari za minyororo.

Ninaishi Charlotte, North Carolina. Wageni wakija kutoka nyumbani huwa nawapeleka Charleston, South Carolina, mwendo wa saa tatu na ushei kwa gari, kwa sababu wikiendi moja inatosha kuona mengi: bahari, majumba ya kale, mashamba ya watumwa yaliyogeuzwa bustani za maua, na kile chakula cha Kusini ambacho Wamarekani wa majimbo mengine wanasafiri kwenda kukipangia foleni. Na kila nikienda nakutana na jambo lilelile. Watu wanatoka kwenye Old Slave Mart, pale mtaa wa Chalmers, nyumba ambamo binadamu walinadiwa hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyuso zimewaparama. Haujapita muda wako mezani wanabishana kuhusu pilipili ya kwenye kamba.

Tusiwacheke sana, maana na sisi Unguja ni vivyo hivyo. Asubuhi unainamisha kichwa kuingia vile vyumba vya chini pale Mkunazini, unatoka umenyamaza, jioni uko Forodhani unamwambia muuza pweza aongeze ndimu.

Hata hivyo, nikilitazama vizuri swali lenu naona si chakula kinachonikera. Kinachonikera ni nani anayepewa nafasi ya kukieleza. Hapo ndipo inapobidi niwasimulie habari za Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada yake mama, mkulima wa mpunga wa Ifakara tangu akiwa binti. Alikuja kutusalimia, nikampakia kwenye gari Ijumaa baada ya kazi. Usiku ule tulianza na kamba juu ya grits, yaani mahindi yaliyoparazwa, yakapikwa kwa maziwa na siagi mpaka yakawa kati ya uji na ugali. Alionja vijiko viwili, akaniuliza kwa upole kama jikoni kuni ziliwaishia. Sukuma wiki aliipenda, ingawa walikuwa wameichemsha na kitimoto cha kukaushwa kwa moshi hadi ikalegea kabisa. "Tamu," alisema, "ila wameitesa."

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwenye shamba moja kando ya Mto Ashley. Jina lake naliweka kando, maana sina haja ya ugomvi na mtu. Mwongoza watalii ndani ya jumba kubwa alikuwa mama mchangamfu, na alituchukua chumba hadi chumba akieleza viti vilitoka wapi, vijiko vya fedha vilifukiwa wapi jeshi la Kaskazini, lile lililopigana na majimbo ya watumwa, lilipokaribia, pazia lile limenakiliwa kutoka lipi. Nilikuwa namtafsiria Mama Mkubwa kwa kunong'ona. Tulipofika chumba cha kulia, meza imepangwa sahani kama wenyewe wanarudi sasa hivi, akaniambia: "Muulize, hicho chakula kilikuwa kinapikwa wapi, na mpishi alikuwa analala wapi?" Nikauliza. Tukaambiwa hayo yako nje, tukipata muda tutayaona. Muda haukupatikana, kwa sababu viti vilikuwa vingi.

Nje tulikwenda wenyewe. Chini ya mwaloni mkubwa kulikuwa na kijana wa Kizungu, mwanafunzi anayefanya kazi za wikiendi, mashavu mekundu kwa jua, anaonyesha jinsi mpunga ulivyokuwa ukitwangwa. Alikuwa na kinu cha gogo na mchi mnene huku na huku, mwembamba katikati pa kushikia: ncha moja imechongoka, ya kutolea maganda, ya pili butu, ya kung'arishia. Pembeni kulikuwa na ungo mpana uliosukwa kwa majani ya bwawani, na mpunga wa Carolina Gold, ule ambao maganda yake yakiiva yanakuwa ya dhahabu kweli. Anaeleza vizuri, sikatai. Alisema mji wa Charleston ulitajirika kwa mpunga kabla ya kutajirika kwa pamba. Alisema Waafrika wengi walioletwa huku walitoka Senegambia, Sierra Leone na pwani ile yote inayolima mpunga, na kazi waliijua kabla ya kumjua bwana. Shida ilikuwa mikono yake. Anatwanga kama anaua nyoka.

Mama Mkubwa alivumilia kidogo. Kisha akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akanikabidhi mkoba. "Mwanangu, mwambie asiusukume mchi. Auinue tu, kushuka ushuke wenyewe." Nikamwambia. Kijana akajaribu, ikawa afadhali kidogo. "Basi mwambie anipishe."

Akampisha. Mama Mkubwa kwanza aliugeuza mchi, akaupima uzito, akaguna. Akachota mpunga kinuni, akaukoroga kwa mkono kuona ukavu wake. Ndipo akaanza, polepole, kisha akashika mdundo, na sauti ikabadilika kabisa. Yule kijana alikuwa akitoa kishindo, huyu alikuwa akitoa mlio mkavu, sawasawa. Kila baada ya mapigo kadhaa anaingiza mkono kugeuza, mchi ungali hewani. Baadaye akamimina kwenye ungo, akapepeta. Makapi yakaruka upande, mchele ukabaki katikati, na kwa vile vidole vyake akazivuta chenga pembezoni mpaka zikakaa peke yake.

Kufikia hapo watalii walikuwa wametuzunguka. Simu juu. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya gofu akapiga makofi na wenzake wakafuata. Nawaambieni ukweli, nilichukia. Mama yangu mzima, mwanamke mweusi aliyefunga khanga, anatwanga mpunga kwenye shamba la watumwa, Wazungu wanapiga picha! Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamshika mkono, "Mama Mkubwa, inatosha, twende." Akanitazama kama mtu anayeshangaa mtoto amelia bure.

Yeye alikuwa na maswali yake. Alizishika zile chenga kiganjani akamwonyesha kijana. "Muulize, hizi walikuwa wanakula nani?"

Kijana alinyamaza kidogo, halafu akajibu, na hapa nampa heshima yake, alikuwa anajua. Mchele mzima ndio uliokuwa ukipakiwa melini kwenda Ulaya. Mchele uliovunjika bei yake ilianguka, kwa hiyo chenga zilibaki, na waliobaki nazo zaidi ni wale waliotwanga. Mama Mkubwa akatikisa kichwa. Akasema basi kila mwanamke aliyeshika mchi hapa alikuwa anabebeshwa mali ya bwana kwenye kiwiko. Ukipiga kwa nguvu unavunja, ukipiga kwa uchovu hutoi maganda. Akauliza walitwanga saa ngapi. Alfajiri kabla ya kwenda shamba, na jioni wakirudi, mpaka vilipokuja vinu vya kuendeshwa kwa nguvu ya maji. Kile cha kwanza kilijengwa na Jonathan Lucas mwaka 1787. Na shambani walikuwa wanapimiwaje? Kwa kipande, mara nyingi robo eka kwa siku. "Aa, ngwe," akasema Mama Mkubwa, na akaanza kumsimulia kijana habari za baba yake mwenyewe, yaani babu yangu, aliyekata mkonge Tanga, jinsi nyapara alivyokuwa akikataa kuhesabu siku yako kama ngwe haijaisha. Mimi natafsiri, jasho linanitoka. Akaongeza kwamba babu yeye aliondoka kwao kwa miguu yake, na mkataba ulipoisha alirudi, hawa hawakuwa na pa kurudi. Kwa hiyo nisitafsiri kana kwamba ni kitu kimoja. Kijana akatoa daftari mfukoni akawa anaandika. Watalii wengi walishaondoka. Yule mzee wa kofia alibaki mpaka mwisho, sina budi kusema, na hakupiga picha tena.

Najua mhariri ananiuliza chakula kiko wapi. Kinakuja.

Saa ya kula ilipofika nilisema sili pale. Nilikuwa bado na hasira. Mama Mkubwa akaniuliza, "Wewe ukishinda na njaa ndiyo watafufuka?" Tukaingia. Tukaletewa kuku wa kukaanga, bamia, na wali mwekundu wa nyanya ambao vitabu vingi vya mapishi ya huku vinakubali kuwa ni ndugu wa wali wa Wawolofu wa Senegal. Akaugeuza kwa uma, akaona umechambuka punje kwa punje. Akauliza mpishi ni nani. Alikuwa mama wa makamo kutoka mojawapo ya visiwa vya pwani hii, Mgullah, yaani mzao wa wale watumwa wa mashamba, wenye lugha yao hadi leo, na alipotoka jikoni kuja kusalimia wakaanza kuongea kuhusu ute wa bamia kana kwamba mimi sipo, mmoja kwa Kiswahili na mwenzake kwa Kigullah, huku vidole vikionyesha.

Kile kijitabu nilichopewa mlangoni kilikuwa na jina la mbunifu wa bustani, la mchongaji wa ngazi, na majina ya mabwana vizazi vyote. Cha kuhusu mpishi hakikuwa na kitu, wa leo wala wa wakati ule.

Jumapili nitaipitia haraka. Tulipita mtaa wa Calhoun, mbele ya kanisa la watu weusi la Mother Emanuel ambako watu tisa waliuawa mwaka 2015 wakiwa kwenye somo la Biblia. Mama Mkubwa alitaka kujua kama ibada bado zinaendelea. Zinaendelea. Halafu tukaenda kwenye makumbusho mapya ya Waafrika wa Marekani, yaliyofunguliwa 2023 palipokuwa Gadsden's Wharf, gati la zamani la kushushia watumwa. Inakadiriwa takribani asilimia 40 ya Waafrika walioletwa Marekani Kaskazini kuuzwa waliingilia bandari hii. Jengo limeinuliwa kwenye nguzo, na chini yake sakafuni kuna maumbo ya watu waliolazwa wakibanana kama kwenye michoro ya meli, maji yanawafunika na kuwaachia. Ukifika Charleston anza hapo, si mashambani.

Njiani kurudi nilimsimulia habari moja ya Harriet Tubman, yule mwanamke aliyetoroka utumwa kisha akarudi kuwatorosha wenzake. Juni 1863 aliongozana na jeshi la Kaskazini, lenye askari weusi, kupanda Mto Combahee, kusini kidogo ya Charleston, kati ya mashamba ya mpunga, na watu zaidi ya 700 wakakimbilia melini. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba aliona mwanamke amejitwika ndoo kichwani, wali ndani yake bado unafuka moshi, mtoto amening'inia mgongoni. Mama Mkubwa hakushangazwa na mtoto. "Wali uliokwisha kuiva utauachaje?" alisema. "Na hujui utakula lini tena."

Sasa nikirudi kwenye jibu langu la mwanzo, naona linanikatalia. Safari nyingine zote nilizowatembeza wageni walijifunza tarehe. Huyu, ambaye hakusoma hata kibao kimoja kwa sababu vyote ni vya Kiingereza, ndiye aliyeuliza habari za chenga, na mimi niliyesoma vibao vyote sikuwahi kuuliza. Kwa hiyo andikeni kwamba nimesema chakula kinafundisha. Ila msiandike hivyo tu. Kinamfundisha aliyewahi kukilimia, au aliyekaa karibu na mtu wa namna hiyo. Mwingine yeyote atakula, atashukuru, atalipa. Bado siamini kwamba ni sawa kufunga harusi mbele ya vibanda vya watumwa kwa sababu mialoni inatoka vizuri kwenye picha, na sijali kama chakula cha harusi hiyo kimepikwa na Mgullah mwenyewe. Na bado wali ule ungenishuka vizuri zaidi kama jina la mpishi lingekuwa kwenye kijitabu.

Halafu kuna zile chenga. Usiku wa Jumamosi, kwenye mgahawa wa mjini wenye vitambaa vyeupe, zilikuwa kwenye orodha ya vyakula, mchele uliovunjika wa Carolina Gold, bei juu kuliko ya kuku. Nilipomtafsiria Mama Mkubwa alicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tuna tatizo. Ifakara chenga ni za uji na za vifaranga. Tukaagiza sahani moja ili tusionekane tumekuja kucheka. Zilikuwa tamu sana, na hilo nalo linaniudhi.

Akija tena anataka nimpeleke Georgetown, mwendo wa saa moja na kitu kaskazini ya Charleston, kwenye Makumbusho ya Mpunga. Alisikia kwamba kufikia 1840 wilaya ile peke yake ilikuwa ikitoa karibu nusu ya mpunga wote wa Marekani, na anataka kuyaona mabonde kwa macho yake. Amesema safari hiyo atakuja na ungo wake. Nimemwambia ungo abebe, mpunga auache Ifakara, maana uwanja wa ndege watamnyang'anya.