Nipo, Sipo

Siku moja mwanangu alikuwa ananisimulia mambo ya shuleni, nami naitikia "enhe", "ehee", kichwa kikitikisika kama kawaida. Kumbe alishanishtukia zamani. Katikati ya hadithi akachomeka: "Halafu mwalimu akageuka kuwa mamba, akammeza mtoto wa dawati la mbele." Nikamjibu, "Vizuri sana, mwanangu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka naye, ila kwa aibu, maana nilikuwa nimekaa mbele yake, macho yanamtazama, na bado sikuwepo. Nilikuwa kazini, nabishana na bosi juu ya jambo lililokwisha tangu asubuhi. Na katika ubishi huo nilikuwa nashinda, kitu ambacho hakijawahi kutokea bosi mwenyewe akiwepo.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba ugonjwa huu si wangu peke yangu. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti walioufanya kwa njia ya simu. Watu wazima 2,250 waliulizwa kwa kushtukizwa: sasa hivi unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu asilimia 47 ya mara walizoulizwa, akili zao zilikuwa mbali na kile walichokuwa wakikifanya. Tena waliopotelea mawazoni walikuwa na furaha pungufu kuliko waliokuwepo, hata pale mawazo yenyewe yalipokuwa ya kawaida tu, si mabaya wala mazuri.

Rafiki yangu mmoja akanishauri nijaribu kutafakari. Hapo lugha yetu ikanitega. Kwetu kutafakari ni kuliwaza jambo kwa kina, kuligeuza huku na huku. Basi nikakaa chini, nikafumba macho, nikatafakari madeni yangu kwa dakika kumi na tano. Niliinuka nikiwa na hali mbaya kuliko nilivyokaa. Kumbe yeye alimaanisha zoezi la kukaa kimya na kuifuata pumzi yako. Wapo wanaoliita tahajudi, wengine taamuli, na umakinifu nimeusikia pia. Mimi siku hizi nasema tu "kukaa", kwa sababu kwa sehemu kubwa ndicho ninachofanya.

Unakaa mgongo ukiwa umenyooka bila kukakamaa. Unaachia pumzi iende kwa mwendo wake, na unaifuata: inaingia, inatoka, tumbo linapanda, linashuka. Baada ya pumzi tatu au nne utajikuta uko kwingine kabisa, unapanga kesho au unajuta jana. Ukigundua hivyo, unarudi kwenye pumzi. Ndiyo hivyo tu.

Majuma ya mwanzo nilidhani kazi ni kufuta mawazo, na kila wazo lililoingia nililihesabu kuwa nimeshindwa. Hapo ndipo wengi tunapokata tamaa. Kilichonisaidia ni kumkumbuka mtoto anayeanza kutambaa. Umemweka mkekani, anaelekea mlangoni. Humchapi wala humhutubii. Unamnyanyua, unamrudisha, na kabla dakika haijaisha safari ya mlangoni imeanza upya. Ukimrudisha mara arobaini, umefanya kazi yako mara arobaini. Mazoezi yenyewe ndiyo hayo ya kurudisha. Siku ambayo akili imetulia tuli bila kuhangaika ni nzuri, siikatai, lakini sidhani kama ndiyo inayonifunza zaidi.

Kuna jambo dogo unaloweza kulijaribu sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, usikilize mapigo. Kwa watu wengi moyo huchangamka kidogo pumzi inapoingia na hupunguza mwendo inapotoka, kazi inayosimamiwa zaidi na neva ya vagasi, ile itokayo kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Ndiyo maana ukitoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mwili hulegea hata kama akili bado inagombana na watu. Mimi hili hunifaa sana kabla ya kuzungumza mbele ya kundi.

Mizizi ya zoezi ni ya kale, hasa katika mafundisho ya Kibudha. Lakini hii njia ya sasa, inayofundishwa hata hospitalini bila kufungwa na dini yoyote, ilishika kasi baada ya mwanasayansi Jon Kabat-Zinn kuanzisha mafunzo yake katika chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979; baadaye yakazoeleka kuwa ya wiki nane. Wengi wa waliopelekwa kwake walikuwa na maumivu sugu ambayo tiba za kawaida hazikuwa zimeyamaliza.

Faida niliyoiona mimi haikuja nikiwa nimekaa. Ilinijia usiku mmoja, simu mkononi. Mwenzangu wa kazini alikuwa ameniandikia ujumbe wa kunilaumu, na katika kundi watu wote wanausoma. Nikaandika jibu. Lilikuwa jibu zuri, kali, limepangika. Kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma, nikagundua taya zimekaza, masikio yanawaka, pumzi imekwama juu kifuani. Kugundua huko tu, hakuna kingine. Zamani nisingegundua, ningekuja kujua nina hasira baada ya ujumbe kufika. Nikaiweka simu chini. Asubuhi nilijibu sentensi mbili. Hasira ilikuwepo bado, sitaki kudanganya, ila safari hii si yenyewe iliyoandika.

Kwa hiyo nikiulizwa faida, nataja ile nafasi ndogo kati ya kuchokozwa na kujibu. Sikupata zaidi ya hapo, na inanitosha.

Wanaoliuza zoezi hili kama dawa ya kila kitu wananikera kidogo. Uchambuzi mmoja mkubwa wa mwaka 2014, uliokusanya majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500, uliona nafuu ndogo hadi ya wastani kwenye wasiwasi, sonona na maumivu, lakini haukupata ushahidi kwamba linazishinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili. Jaribio la mwaka 2022 kwa watu 276 wenye matatizo ya wasiwasi lilionyesha mafunzo ya wiki nane yakifanya kazi karibu sawa na escitalopram, dawa inayotumika kutibu wasiwasi na sonona. Hizo ni habari njema, ila si sababu ya kuacha dawa zako bila kuongea na daktari. Na kama umepitia jambo zito, kufumba macho na kunyamaza kunaweza kulileta juu ghafla. Likikutokea, fungua macho, sikiliza nyayo zako sakafuni, au tembea polepole badala ya kukaa. Likizidi, acha, utafute mtaalamu. Hakuna zawadi ya kuvumilia.

Kuhusu muda, usianze na saa nzima. Mimi nilianza na dakika tano, nikafika kumi, na hapo nimebaki. Zaidi ya hizo dakika, nimelifunga zoezi kwenye mambo ninayoyafanya kila siku hata hivyo. Ninapoosha vyombo, naosha vyombo: maji, povu, uzito wa sahani. Nikishika kitasa cha mlango wa nyumbani, pumzi moja kabla ya kuingia, ili ninayeingia niwe mimi na si bosi wangu. Simu ndiyo imenishinda. Mara kadhaa nimekuta mkono umeshaifungua kabla sijaamua lolote; siku hizi walau nauona mkono.

Wiki iliyopita nilikosa siku nne mfululizo. Ya tano nikakaa, nikapotea, nikarudi, nikapotea. Mwanangu akachungulia mlangoni.

"Umelala?"

"Hapana."

"Sasa unafanya nini?"

"Nimekaa."

Akanitazama kidogo, akaona hakuna la maana hapo, akaenda zake kucheza.