Kurundika fokasi na GFX 100S: kwa nini f/16 haikuokoi pale Barranco

Mkuu, nimekuelewa hivi: unatumia kamera ya Fujifilm GFX 100S na lenzi ya GF 32-64mm, umepiga pale kambi ya Barranco, Kilimanjaro, ukiwa kwenye 32mm, majani ya senesio (ile mimea mikubwa ya mlimani) yako kama sentimita 60 mbele ya lenzi na kilele cha Kibo kiko nyuma. Ukafunga tundu la lenzi hadi f/16 (namba ikikua, tundu linapungua), ukafokasi theluthi ya kwanza ya mandhari kama watu wanavyofundishana, na bado ukikuza picha kwenye kompyuta majani yana ukungu, yaani hayako safi kwenye fokasi, na barafu nayo vilevile. Unauliza kama lenzi ni mbovu. Sidhani. Hesabu ndiyo inayokataa.

Anza na tundu. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, kwa hiyo kitone cha mwanga hakitui kwenye kihisi (kile kipande cha kamera kinachopokea picha) kama kitone, kinatua kama duara. Kwa mwanga wa kijani duara hilo lina upana wa mikroni 7.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa f/5.6, karibu 11 kwa f/8, karibu 15 kwa f/11 na zaidi ya 21 kwa f/16. Pikseli ya kamera yako ina mikroni 3.76. Maana yake ni kwamba kwa f/16 kila kitone kinaenea karibu pikseli sita kwa upana. Umelipia megapikseli 102 halafu unazitupa mwenyewe. Kunoa picha kwenye programu kunarudisha mengi ya f/11, lakini kwa f/16 unachoongeza zaidi ni chengachenga, vile vipunje vinavyochafua picha. Kwa mandhari, kaa kati ya f/8 na f/11.

Halafu majedwali ya kina cha fokasi, yaani ya eneo linaloonekana safi. Mengi yamejengwa juu ya karatasi ndogo inayotazamwa kwa mbali kidogo, na kwa kihisi cha milimita 44 kwa 33 yanakubali doa la ukungu la kama milimita 0.037. Hilo kwako ni doa la pikseli kumi! Kwa kipimo hicho, 32mm kwa f/11 inakuambia ufokasi mita 2.5 na kila kitu kuanzia mita 1.25 hadi upeo wa macho kitakuwa safi. Kitakuwa safi kwenye simu. Ukitaka usafi wa pikseli mbili, yaani milimita 0.0075, umbali huo wa kufokasi, unaoitwa haipafokali, unaruka hadi mita 12.4, na usafi unaanzia mita 6.2. Kwa f/8 ni mita 17.1. Hapo ndipo unaona kwamba picha moja haiwezi kushika jani la sentimita 60 na Kibo kwa pamoja, hata ufanyeje.

Kwa hiyo kurundika fokasi: picha kadhaa, kila moja imefokasiwa umbali wake, kisha programu inachukua sehemu safi ya kila moja. Idadi haibahatishwi. Chukua umbali wa haipafokali, ugawe kwa mara mbili ya umbali wa kitu cha karibu kabisa. Kwa f/11 na kitu kilicho mita 1: 12.4 gawa kwa 2, unapata 6.2, basi picha 7. Vituo vya fokasi ni haipafokali yenyewe, kisha theluthi yake, sehemu ya tano, ya saba, ya tisa, na kuendelea: mita 12.4, 4.1, 2.5, 1.8, 1.4, 1.1 hadi ufike. Angalia vinavyosongamana karibu na lenzi. Kazi kubwa iko huko, si mlimani. Ongeza kama theluthi moja ya idadi hiyo ili picha zipandiane, maana programu haipendi mapengo.

Kwa jani lako la sentimita 60, f/11 inataka picha 11 kabla ya nyongeza, f/8 inataka 15. Ukirudi nyuma jani likawa mita 1.2, idadi inashuka nusu. Jiwe likiwa mita 3, picha 3 za f/11 zinatosha na unaweza kuzungusha ringi kwa mkono. Binafsi naona watu wengi wanasogelea mno kitu cha mbele kwa sababu tu kamera inaweza, kisha wanateseka kwenye kompyuta kwa ajili ya majani mawili pembeni. Na kama picha ni ya A3 au ya mtandaoni, na kitu cha mbele hakiko karibu kuliko mita 1.25, piga moja tu kwa f/11 uende zako. Seti hizi ni za karatasi kubwa. Faili yako kwa nukta 300 kwa inchi ni karibu sentimita 99 kwa 74.

Kwenye kamera, chagua FOCUS BKT ndani ya BKT SETTING, ndiyo inayopiga seti yenyewe huku ikihamisha fokasi. Kuna AUTO, unaiwekea pointi A na pointi B kisha kamera inapanga idadi na hatua, na kuna MANUAL yenye FRAMES (idadi ya picha), STEP (ukubwa wa hatua ya fokasi) na INTERVAL (muda kati ya picha na picha). Anza na AUTO, lakini linganisha idadi inayotoa na hesabu ya hapo juu. Ikitoa chache kuliko hesabu, nenda MANUAL na upunguze STEP. Namba ya STEP haikuambii sentimita, kwa hiyo ijaribu nyumbani: nyoosha futi ya fundi sakafuni kuanzia nusu mita, piga seti kwa STEP 3, 5 na 8, ukaangalie kama eneo safi la picha moja linaingia ndani ya eneo safi la inayofuata. Kwa MANUAL kamera inaanzia pale ulipofokasi na kuelekea mbali, hivyo fokasi upande wa lenzi, karibu kidogo kuliko jani la karibu kabisa, si katikati yake. Huku mwisho lenzi inaweza kupitiliza upeo wa macho, na picha moja au mbili za mwisho zikawa na Kibo yenye ukungu. Hizo zitoe kwenye seti. Usizitoe kwa kukisia. Kuza kwenye ukingo wa barafu kwanza.

Mipangilio mingine: mwanga uliopangwa kwa mkono, ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) 100 isiyo ya otomatiki, mizani ya rangi imefungwa kwenye namba moja, kitulizaji cha mtikisiko kimezimwa ukiwa kwenye tripodi, na upunguzaji wa chengachenga wa picha ndefu umezimwa kwa sababu unaongeza muda mara mbili kati ya picha na picha. Shata ya elektroniki haitikisi kitu ila inasoma kihisi polepole, hivyo jani linalopepea linapinda. Kukiwa shwari itumie. Kukiwa na upepo tumia shata ya kawaida, INTERVAL sekunde 1. Nguzo ya katikati ya tripodi usiipandishe, na kwenye vumbi la volkano kandamiza miguu mpaka igome, maana ikizama milimita mbili katikati ya seti, picha za mwanzo na za mwisho hazilingani tena kwa vitu vya karibu. Piga picha ya kiganja chako kabla na baada ya kila seti. Ukirudi na faili 300 zinazofanana utajua kwa nini.

Upepo ndio adui mkubwa. Dawa yake si kufunga tundu. Ni shata ya haraka. Panda hadi ISO 400 au 800 upate kama 1/125, kisha rudia seti mara tatu. Mara nyingi seti moja itakuwa imepata utulivu, na isipopata unaweza kuazima fremu ya jani kutoka seti nyingine. Mawingu usiyarundike kabisa. Chukua anga kutoka kwenye fremu moja, ile iliyofokasiwa Kibo, la sivyo utapata mawingu yenye kingo mbilimbili. Maji ya kijito cha kupiga kwa sekunde kadhaa nayo ni picha yake ya pekee.

Barranco ina jambo lake: ukuta uko mashariki ya kambi, hivyo asubuhi Kibo inawaka wakati bondeni bado kuna kivuli kizito. Usichanganye seti ya fokasi na seti ya mwanga (picha za viwango tofauti vya mwanga), utapata faili mara tatu na mkanganyiko. Pima mwanga kwa theluji isiungue, kisha inua vivuli kutoka kwenye faili ghafi. Kwa ISO 100 kihisi hiki kinavumilia kuinuliwa hatua tatu za mwanga bila kulalamika sana. Seti nzima iishe ndani ya nusu dakika, maana mwanga wa alfajiri hausubiri. Kule usiku baridi inashuka chini ya sifuri: betri zilale nawe kwenye begi la kulalia, kamera ibaki kwenye mkoba wake, isiingizwe kwenye joto la hema ikatoka jasho.

Sasa kosa linalosumbua hata wenye hesabu safi. Ukifokasi Kibo kwa f/8, jani la sentimita 60 linavimba na kuwa ukungu wa pikseli kama 57 kwa upana. Nusu yake, pikseli 28 hivi, inamwagika nje ya ukingo wa jani na kufunika kilicho nyuma. Ukanda huo hauna fremu yoyote iliyo safi: kwenye picha ya jani Kibo ina ukungu, kwenye picha ya Kibo jani limemwagika juu yake. Ule mng'ao mchafu kuzunguka majani unatoka hapo, na hakuna programu inayoweza kuokota kitu ambacho hakikupigwa. f/11 inaupunguza hadi pikseli 20 hivi. Dawa halisi ni kupandisha kamera ili jani liishie juu ya ardhi ya karibu yake, lisikatize juu ya mlima.

Kwenye kompyuta, tengeneza fremu moja, nakili mipangilio kwa zote, usiache chochote kwenye otomatiki. Usinoe kabla ya kurundika. Toa TIFF za biti 16. Kila moja ni karibu MB 610, hivyo seti ya 12 ni zaidi ya GB 7, na kwa RAM ya GB 16 utakunywa chai nyingi. Helicon Focus, programu ya kurundika, ina mbinu tatu: A, B na C. B inatunza rangi na inafaa ardhi inayoondoka polepole, ila faili lazima zifuate mpangilio wa umbali. Anzia Radius 8 na Smoothing 4. C inamudu nyasi zinazopishana lakini inaongeza ukali na chengachenga. Toa zote mbili, tumia B kama msingi, kisha paka C penye majani tu. Zerene Stacker, programu nyingine ya kurundika, inakupa jozi ya namna hiyo kwa DMap na PMax. Photoshop inatosha kwa picha 3 au 4, zaidi ya hapo inaanza kuacha mabaka ya ukungu katikati ya uwanja safi.

Acha asilimia 5 hadi 8 ya nafasi pembeni unapopanga picha, kwa sababu ukubwa wa taswira hubadilika kidogo fokasi inapohama na programu ikilinganisha inakata kingo. Kwa sababu hiyohiyo chembe moja ya vumbi kwenye kihisi inageuka msururu wa vidoa kwenye anga. Safisha kihisi kabla ya kupanda.

Ukisikia ushauri wa kununua GF 30mm T/S, lenzi inayoweza kuinamishwa, ili uachane na kurundika, ujue inafaa wapi. Kwa uwanda tambarare kama kando ya Ziwa Natron ni tamu sana: kamera ikiwa mita 1.5 juu ya ardhi unahitaji kuinamisha lenzi nyuzi 1.15 tu na ardhi yote inakaa kwenye fokasi kwa picha moja. Senesio wima mbele ya mlima zinatoboa juu ya hiyo sakafu ya fokasi, na vilele vyake vitabaki na ukungu.