Mchezo wa kukisia herufi: usiiguse kompyuta kwanza

Juzi usiku nilipata ujumbe wa binti mmoja wa Muheza anayejifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Anatengeneza mchezo ambao neno limefichwa, mchezaji anataja herufi moja moja, na akikosea anapoteza nafasi. "Shikamoo dada. Mchezo wangu wa kukisia herufi umegoma. Neno ni samaki, mtu akiandika a inafunuka moja tu, ya pili haitoki. Nimefuta nikaandika upya mara tatu. Nadhani hii kazi si yangu."

Sentensi hiyo ya mwisho ilininyima usingizi. Na mimi niliwahi kuambiwa hivyo, tena mbele za watu.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nasoma kozi ya kompyuta hapa Tanga mjini. Siku ya kuonyesha kazi zetu niliweka neno "barabara", maana kwetu Ngamiani mtu ukimuuliza anakaa wapi anakutajia barabara ya ngapi. Mwenzangu akaandika b, ikatoka moja. Akaandika a, ikatoka moja kati ya nne. Akairudia, kimya. Mwalimu akasema, "Binti, huna kichwa cha programu." Darasa zima likacheka. Kicheko kile bado nakisikia.

Nilirudi nyumbani nikakuta umeme umekatika. Nikachora visanduku vinane kwenye daftari, nikavipa namba 0 hadi 7 kama Python inavyohesabu, nikaandika herufi za "barabara" ndani yake, kisha kila kimoja nikakifunika kwa kizibo cha soda. Nikamwita mdogo wangu, wakati huo yuko darasa la tatu. Akasema, "A." Nikaondoa kizibo cha namba 1, nikatulia. Akanikodolea macho.

"Mbona hujamaliza? Zingine je?"

Hapo hapo nikaliona kosa. Nilikuwa nimetumia index, amri ya Python ya kutafuta herufi iko namba ngapi, na index ikishaikuta herufi mara ya kwanza inakupa namba hiyo, basi, haiendi mbele. Mdogo wangu alitaka nipite kisanduku baada ya kisanduku hadi cha mwisho, na kila penye a nifunue. Hiyo ni kazi ya for, amri ya kupita kimoja baada ya kingine. Umeme uliporudi nilirekebisha mistari mitatu, a zote nne zikatoka. Nililia, sifichi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Muheza, chukua karatasi. Cheza mchezo wote kwa mkono kabla hujaandika mstari hata mmoja. Ukifanya hivyo utagundua pia kwamba vistari vya kuficha neno ni rahisi zaidi vikiwa orodha (list), kila kistari peke yake, kwa sababu Python hairuhusu kubadili herufi moja ndani ya neno lililokwisha kuandikwa. Na utagundua unahitaji mahali pa kuandika herufi zilizokwisha kutajwa, mtu asipoteze nafasi mbili kwa kosa lilelile.

Halafu mpe mtu wa nyumbani acheze, wewe kaa kimya nyuma yake. Mama yangu alibonyeza Enter bila kuandika kitu, programu ikamjibu "Umepatia!" Programu iliuliza tu kama kilichoandikwa kimo ndani ya neno, na kwa Python neno tupu, lisilo na herufi, limo ndani ya kila neno. Akaandika "ba" kwa mkupuo, akapongezwa tena. Tangu siku hiyo nahakikisha kwanza kwamba kilichoandikwa ni herufi moja, si pungufu wala zaidi.

Na tuache kunakili orodha za maneno ya Kiingereza kutoka kwenye video. Weka mkonge, dagaa, madafu. Ukiweka ng'ombe utakutana na kile kialama cha juu ambacho hakuna mchezaji atakayekikisia. Kifunue tangu mwanzo. Hakuna video iliyonifundisha hilo, ni lugha yangu mwenyewe. Vijana wa Tanga tunaamini mno kwamba programu ni za watu wa mbali. Si kweli, na anayekucheka leo hajui utafika wapi. Mimi leo programu ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba.

Sasa chora visanduku sita, andika samaki, tafuta vizibo. A ya kwanza iko namba 1, ya pili namba 3. Zikitoka zote mbili niandikie hata kama ni usiku wa manane.